Ami anataka kumwaga mrututu kwenye tangi la samaki

Assalamu alaikum Maalim,

Mimi ni kijana wa Jambiani. Ami yangu ana nyumba ya wageni karibu na pwani, na ukumbini pana tangi la kioo la lita 600 la samaki wa baharini. Wageni wengi husimama hapo kwanza kabla hawajauliza hata bei ya chumba. Kulilea ni kazi yangu: kulisha, kubadilisha maji, kufuta kioo. Ndani mna mawe na matumbawe, anemoni moja, kamba wasafishaji wawili, kaa wadogo na konokono. Samaki ni kangaja mmoja wa buluu, ambaye ndiye kipenzi cha ami, tasi wawili wadogo, na wale wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe wanaolala kwenye anemoni.

Mwezi uliopita ami alipita dikoni akawaona samaki vipepeo wawili wazuri kwenye ndoo ya mvuvi. Akawanunua, akaja nao, akawatia tangini siku ile ile. Mimi nilikuwa mjini. Baada ya siku chache vipepeo wakaanza kujikuna kwenye mawe. Kisha wakatokwa na vidoa vyeupe, vidogo kama punje za chumvi, kwenye mapezi na ubavuni. Mmoja akafa. Siku iliyofuata vidoa vya wengine vyote vikapotea, ami akasema "ushaona, wamepoa wenyewe." Haikufika wiki vikarudi, safari hii vingi zaidi, na kangaja akavipata kuliko wote. Kipepeo wa pili naye akafa. Kangaja bado anakula lakini anahema, na usiku anasimama karibu na pampu.

Sasa kila mtu ni daktari. Bibi anasema kitunguu thomu. Dereva wa jirani anasema niwatie kwenye maji matamu dakika tano. Mzee mmoja wa pwani anasema niwarudishe baharini kwao, watapona. Ami mwenyewe kaleta mrututu wa unga kwenye karatasi, anasema kijiko kimoja cha chai tangini kitamaliza kila kitu. Nimemwambia asubiri nikuulize. Amenijibu kuwa anangoja mpaka Ijumaa, kwa sababu msimu wa wageni unaanza mwishoni mwa Juni na hataki kuona tangi tupu.

Je, nimuache amwage? Na kama si mrututu, nifanye nini na mvua hizi za masika?

Mlezi wa tangi, Jambiani

*

Wa alaikumu salaam, mwanangu.

Karatasi ile ya mrututu iondoe ukumbini leo, usingoje Ijumaa. Ami hajakosea kabisa. Shaba iliyomo ndani ya mrututu ni dawa ya kweli ya vimelea hivi na wafugaji wanaitumia dunia nzima. Tatizo lake ni kijiko, na mahali anapotaka kukimwaga.

Hebu tupige hesabu pamoja, umuoneshe. Shaba inayotibu ni kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita. Ikipungua hapo vimelea vinaishi, ikizidi sana inaua samaki. Mrututu safi ni robo tu shaba, yaliyobaki ni vitu vingine. Kwa lita 600 anahitaji mrututu usiofika nusu gramu. Kijiko cha chai kinabeba kama gramu tano. Ami angewapa samaki wake dozi mara kumi. Na hapo tunachukulia kuwa unga ule ni safi, jambo ambalo hakuna anayeweza kukuthibitishia kwa mrututu wa kwenye karatasi.

Hata angepima sawasawa, tangi lile si mahali pake. Shaba inaua kamba, kaa, konokono, anemoni na matumbawe kwa kiwango kile kile kinachomponya samaki. Halafu mawe yenu ni ya chokaa, yanainyonya shaba. Leo unapima unaona imepungua, unaongeza. Kesho mawe yanaanza kuitoa. Ukitaka kufuga kamba humo siku za mbele utajuta.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Kwa ulivyoeleza, vidoa vya kuhesabika, vinavyopotea na kurudi, huyu ni Cryptocaryon irritans, kiumbe cha seli moja kinachochimba chini ya ngozi ya samaki na kwenye matamvua. Yale mapoa ya siku moja yaliyomfurahisha ami ni sehemu ya maisha yake. Kimelea hukaa mwilini mwa samaki siku 3 hadi 7, kinakula, kinanenepa, kisha kinatoka chenyewe. Hapo ndipo vidoa vinapopotea. Kinashuka chini, kinajishikiza kwenye jiwe au mchanga au kioo, kinajifunga ndani ya kijifuko kigumu, na humo kinajigawa. Kijifuko kimoja kinaweza kutoa watoto 200 na zaidi. Wanatoka zaidi usiku kuelekea alfajiri, wakati samaki wamelala palepale, na wana siku moja au mbili tu za kumpata samaki kabla hawajafa. Ndiyo maana raundi ya pili imekuwa kali kuliko ya kwanza, na raundi ya tatu itakuwa kali zaidi kama hukufanya kitu. Kangaja ndiye anayeumia zaidi kwa sababu jamii yao inashikwa na maradhi haya upesi kuliko wengi.

Katika safari yote hiyo, dawa inamgusa kimelea pale tu anapoogelea. Chini ya ngozi hapatikani, ndani ya kijifuko hapatikani. Ukilishika hili, ushauri wa jamaa zako unaweza kuupima mwenyewe. Maji matamu ya dakika tano yanang'oa minyoo bapa ya ngozi vizuri sana, lakini huyu amejichimbia, hayamfikii. Kitunguu thomu kinaweza kumtia hamu samaki aliyekataa kula. Zaidi ya hapo mwambie bibi ahsante, ukipikie. Kuwarudisha baharini usithubutu. Samaki mgonjwa hafiki mbali, na hujui tangi lenu limemchanganyia vimelea gani vya kuwapelekea wenzake mwambani.

Jambo moja ulihakikishe kwanza, kwa tochi, usiku, taa za ukumbi zikiwa zimezimwa. Mmulike kangaja kwa ubavuni. Ukiona vidoa mojamoja, endelea na nitakayokueleza. Ukiona badala yake vumbi laini la rangi ya dhahabu, samaki anahema mbiombio, ameacha kula na anakwepa mwanga, huyo ni mwengine, Amyloodinium, na anaua kwa siku chache tu. Huyo ndiye anayehitaji shaba kweli: kwenye chombo cha pembeni kisicho na mawe, dawa ya shaba ya samaki iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na ifuatwe karatasi yake, pamoja na kipimo cha shaba unachokitumia asubuhi na jioni, kwa muda usiopungua wiki mbili. Huna kipimo, usiguse shaba. Na asikudanganye mtu na vidonge vya klorokwini, ile dawa ya zamani ya malaria, vilivyobaki kabatini tangu enzi ile tuliyokuwa tukijikuna usiku kucha. Dawa hiyo inajulikana kwa wafuga samaki, lakini kidonge cha zamani chenye unga mwengine ndani yake hukijui kitatoa nini majini. Ukipata mtu wa kukutazamia ute wa ngozi kwa hadubini, itakuwa bora kuliko macho yangu na yako. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko hapo Buyu, nenda kaulize.

Kwa Cryptocaryon mimi nakushauri njia isiyo na dawa hata tone, nayo inakufaa wewe kuliko mfugaji wa Ulaya anayenunua chumvi kwa kilo. Wewe bahari iko mlangoni. Njia yenyewe ni kumhamisha samaki kutoka chombo hadi chombo kabla vijifuko havijapasuka. Kimelea kinatoka mwilini kwa wakati wake, kinajifunga chini ya pipa, na kinahitaji si chini ya siku tatu kutoa watoto. Kabla siku hizo hazijatimia samaki wako hayupo tena pale. Kila uhamisho unaacha nyuma vimelea vilivyodondoka, na hakuna vipya vinavyompanda.

Tafuta mapipa manne ya plastiki, yale ya buluu ya lita 200 yaliyokatwa juu, yaliyobeba chakula na si sabuni wala mafuta. Mawili yanatumika, mawili yanakauka. Pipa moja watie tasi, jengine kangaja na wale wawili wa chungwa. Wale wawili wasikusumbue, wanaishi bila anemoni yao. Maji lita 150 kila pipa, yaani madumu 15 ya lita 20 kwa kila uhamisho. Kijana mmoja na gari ya ng'ombe. Ndani weka jiwe la hewa, lile la kutoa mapovu ya pampu, na vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia; usiweke mawe wala mchanga. Juu funika kwa wavu, kangaja anaruka.

Siku ya kwanza unawatoa tangini unawatia mapipa ya kwanza. Siku ya 4 unawahamishia mapipa ya pili, siku ya 7, siku ya 10, na siku ya 13 wanaingia chombo safi cha kukaa. Fanya mchana, saa ile ile au mapema kidogo, kamwe usivuke saa 72. Kila kitu kilicholowa na maji ya zamani kinabaki na maji ya zamani: bomba, jiwe la hewa, kopo, hata mkono wako uoshe. Pipa lililotumika lisugue kwa dawa ya klorini, lisuuze sana, likauke kabisa. Masika hii jua usilitegemee. Liingize ndani, ligeuze, liache mbele ya feni mpaka halina hata tone. Pipa bichi ni pipa lenye vijifuko.

Maji ya kuchota nayo yana wakati wake. Huko kwenu maji yakipwa bahari inakwenda mbali na yanabaki madimbwi yenye joto; hayo hayafai. Chota maji yakiwa yamejaa, na si baada ya mvua kubwa, kwa sababu mvua inapunguza chumvi ya ufukweni. Maji mazuri yana gramu kama 35 za chumvi kwa lita. Yachuje kwa kitambaa kizito, yafunike, yaache siku nne tano bila samaki ndani, ili kimelea chochote kinachoogelea kife kwa kukosa mtu. Kwa hiyo anza kuchota kesho, na panga madumu mapema. Kabla ya kila uhamisho hakikisha joto na chumvi ya mapipa mawili vinalingana.

Namna ya kuwashika: usitumie wavu kama unaweza kuepuka. Wavutie ndani ya kopo kubwa au beseni chini ya maji, uwanyanyue humo, kisha umwage maji yote uliyobeba isipokuwa kidogo. Kangaja ana kisu kwenye shina la mkia, kinakata wavu na kidole. Tasi ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni. Nadhani wewe mtoto wa pwani huna haja ya kuambiwa hilo, lakini ikitokea, mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, na uende hospitali kama maumivu hayatulii.

Katika siku hizo tatu za kila pipa huhitaji filta. Lisha kidogo, toa mabaki. Lakini baada ya siku ya 13 wanakaa muda mrefu, na hapo utahitaji sponji yenye bakteria wanaokula uchafu wa samaki. Usichukue sponji kutoka tangi kubwa, utakuwa umewabebea ugonjwa mwenyewe. Nunua mpya, itie leo hii kwenye ndoo ya maji ya bahari yenye hewa, pamoja na kipande cha kamba wa kula aoze humo. Ikifika siku ya 13 itakuwa imeanza kazi japo haijakomaa, kwa hiyo pima amonia, sumu inayotokana na uchafu huo, kila siku na ubadilishe maji ikionekana hata kidogo.

Ipo njia nyengine, ya kushusha chumvi ya maji hadi gramu 11 au 12 kwa lita na kuishikilia hapo kiasi cha mwezi, vijifuko vinashindwa kuendelea. Inahitaji kipima chumvi cha uhakika, na kuna vimelea vya jamii hii vinavyostahimili, na yule wa vumbi la dhahabu haimtishi. Kwako naona haina faida zaidi ya mapipa.

Tangi lenyewe sasa. Libaki bila samaki hata mmoja kwa siku 76. Usinipunguzie. Vijifuko vingi vinapasuka ndani ya mwezi, hasa kwenye joto letu, lakini vimewahi kuonekana vinavyochelewa hadi siku ya 72, na kimoja kikibaki umerudi mwanzo. Kamba, kaa, konokono, anemoni na matumbawe wabaki humo. Huyu kimelea hakai kwao. Endelea kuwasha pampu na taa, lisha kamba kama kawaida. Usiruhusu mtu yeyote, hata ami, kutia samaki "mmoja tu wa kushikilia nafasi." Samaki huyo ndiye atakayekuwa chakula cha kimelea kizazi kizima.

Na hili ndilo la kumwambia ami kwa utulivu, baada ya chai, si mbele ya wageni: ukiwatoa samaki wote kufika tarehe 15 Aprili, siku 76 zinaishia tarehe 30 Juni. Masika ndio wakati ambao vyumba viko wazi na ukumbini hapapiti mtu. Akimwaga mrututu atakuwa na tangi lisilo na kamba wala anemoni, na pengine bila kangaja, mwanzo wa msimu. Wageni wachache watakaofika Mei waoneshe kamba wasafishaji. Usiku anemoni na kaa wana mambo yao, wengi hawajawahi kuyaona. Wewe ni mtoto wake, hutamshinda kwa ubishi, lakini hesabu ya kijiko kile naamini itamtosha.

Kuna hoja atakayoileta, na ujiandae nayo: kwamba tasi wamekwisha kupoa hawana hata kidoa, kwa nini wahamishwe? Samaki aliyeumwa akapona hupata kinga ya miezi, akabeba vimelea vichache kwenye matamvua usipoviona. Huyo haumwi yeye, anawangojea wageni wapya. Watoke wote.

Umeme wa masika unaujua. Nunua pampu ndogo ya hewa ya betri, uiweke karibu na mapipa ikiwa na betri mpya. Waliokuwa na samaki Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu bila umeme wa gridi, watakueleza kuwa kinachoua kwanza ni hewa, si njaa.

Mapipa usiyagawe mambo yakiisha. Kila samaki anayetoka dikoni, awe mzuri vipi, akae humo siku 30 kwanza, na kama unaweza mpitishe kwenye hamahama ile ile ya siku 13 hata kama hana kidoa. Mwambie ami yuko huru kununua. Anachonunua kinapita mlango wa nyuma. Na siku ya kuwarudisha, watie wawili wa chungwa kwanza, tasi kesho yake, kangaja mwisho kabisa, jioni taa zikiwa zimepunguzwa, maana akitangulia atalifanya tangi lote lake.